Ulimbo wa Lackson

Kijiwe chetu hapa Nchelenge ni ubao wa bwato bovu la kuvulia, na birika ya Mwansa muuza kahawa, kahawa yake ya Kilwa, ng'ambo ya ziwa. Mwaka ule wa hamsini na nne, Lackson alitufikia asubuhi akikumbatia chupa. Lackson ndiye muosha vyombo wa muzungu anayepima samaki. Chupa ya huyo muzungu ilipata ufa, naye Lackson, mutoto wa wavuvi, akauziba kama tunavyoziba mabwato: akayeyusha ulimbo wa muti, akaumwaga ndani. Muzungu aliona uchafu tu. Akasema akirudi kutoka Mununga saa sita akute chupa inang'aa, ama Lackson atafute kazi ingine. Na bibi yake ana mimba ya miezi nane!

— Nimesugua na mchanga, nimesugua na majivu, alisema Lackson. Bure kabisa.

— Uchome! alisema Bwana Injini, ambaye hajatengeneza injini hata moja. Uliingia na moto, utatoka na moto. Dawa ya moto ni moto!

— Na chupa ikipasuka?

— Alor, utakuwa tena na chupa chafu?

Tulicheka. Lackson hakucheka.

— Utie chisense wazima, alisema Mwansa. Samaki wadogo wale wanakula kila kitu. Siku tatu tu.

— Siku tatu? Muzungu anarudi saa sita!

— Subira yavuta heri, ndugu yangu.

Shemashi Zacharia alikuwa akichuruzisha kitu ndani ya kahawa yake.

— Shemashi, hiyo nini?

— Dawa ya jino.

Bwana Injini akanusa.

— Mayo! Lutuku! Pombe kali ya moto, na wewe mutu wa kanisa!

— Ya kuoshea! alipiga kelele Shemashi, na kwa haya akaimwaga yote ndani ya chupa. Muone basi! Ni ya kuoshea!

Tukainama wote. Jamani, lutuku ikageuka rangi ya chai! Lackson akatikisa, akatikisa, akamwaga. Ulimbo wote ukatoka. Kioo kikang'aa, na Shemashi akashangaa kuliko sisi.

— Nimepona! alisema Lackson, akachota maji ya kusuuza.

Mama Dorica, muuza samaki, ndiyo kwanza anafika. Akatazama miguu ya Lackson, imelowa maji yanayovuja chupani.

— Baba, sasa ufa utauziba na nini?

Lackson akaweka kidole gumba juu ya ufa, na kule ziwani tukasikia mashua ya muzungu.