Kofia Kwenye Kioo

Benchi letu linatazamana na duka la dawa. Kati yetu na kioo chake ni barabara ya hatua kumi tu. Hapo tunakunywa kahawa na kuwaamulia watu mambo yao: Kinyozi, Jicho mpiga picha, na mimi wanayeniita Profesa kwa kuwa nilisoma nusu ya chuo. Fundi Cherehani naye alikuwa mwenzetu, hadi mwezi uliopita, Jicho alipoupiga picha mtaa akiwa mlangoni pa studio yake kule pembeni. Ndani ya kioo cha duka alionekana mke wa Fundi ameketi bega kwa bega na mwanamume mwenye kofia.

Alipotuonyesha picha, Kinyozi alisema huyo ni daktari. Kikombe cha pili, daktari akawa mchumba wa zamani. Cha tatu, wakawa na nyumba mji mwingine.

— Lisemwalo lipo, akakata shauri, ingawa msemaji alikuwa yeye peke yake.

Mimi nikaongezea kwamba kofia ya namna ile huvaliwa na mtu wa makuu. Fundi aliinuka, kahawa yake ikabaki nusu. Kesho yake mkewe alirudi kwao.

Leo Jicho amekuja na kichujio, kioo cheusi cha mviringo kinachovishwa mbele ya lenzi.

— Mwanga ukigonga kioo ukaruka, mawimbi yake hulala upande mmoja. Ukizungusha hiki, kinauzuia. Kaeni hapo hapo.

Akaenda mlangoni pake, akapiga picha mbili, akarudi kutuonyesha. Ya kwanza, bila kichujio: kiti kitupu cha duka, na kando yake mwanamume mwenye kofia. Ya pili, nacho: kiti na rafu za dawa tu.

— Sasa huyu mtu kaenda wapi? Kinyozi aliuliza.

 Jicho alinitazama kichwani. Nikavua kofia.

Wakati huo mdogo wake mke wa Fundi alikuwa akitoka kwa shemeji yake na begi la nguo za dada. Alisimama mbele yetu, akatuamkia kwa adabu. 

— Kaka zangu, dada kanituma niwaulize. Siku ile, nani kati yenu alivuka barabara kwenda kutazama?

Kinyozi alinyanyua birika amkaribishe kahawa. Likatoka tone moja, kisha mashapo. Kofia ilikuwa magotini pangu. Nikaifunika kwa mikono yote miwili.