Shukriya binti Rustem, Mtia Kalai wa Soko la Wanawake

Kwa jina la Mola wetu tunaanza, enyi mashekhe, jamaa na majirani mliokuja kutupa mkono wa tanzia. Mimi Thani, shemegi yake marehemu, nimeambiwa na kaka yangu Harub nisome, na kusoma kwenyewe nimejifundisha, basi nitasema mambo kama yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1952, karibu na mji wa Babadag, Romania, kwa Waroma Waislamu, si watu wa mji wa Roma bali jamii ya wazungukaji wanaodharauliwa kwao bila ya kosa, na baba yake alizunguka vijiji kwa gari la farasi akitia kalai masufuria ya shaba, yaani kuyapaka bati ndani yasile kutu, kazi aliyomfundisha bintiye. Alisoma miaka minane, akafanya kazi karakana ya meli mjini Konstanta, ndiko alikokutana na Harub, aliyetoka Unguja kusomea mitambo, wakaoana tarehe 12 Oktoba 1975, wakahamia hapa Ibra, Uarabuni, mwaka 1979, wakajaaliwa mtoto mmoja, Maram.

Mwaka 1990 alifungua kibanda cha kutia kalai katika soko la Jumatano la wanawake, ambalo sisi wanaume hatuingii, akaletewa masufuria ya harusi mpaka kutoka Samail.

Mwaka 1998 Hazim, kijana wa hapa mjini, alipomposa Maram, ami zake kijana walikuja sablani, baraza yetu ya wanaume, wakasema posa itapita endapo marehemu atajiita Mturuki na kufunga kibanda, wasije wakaambiwa wameoa kwa Mazutti, jina la dharau wanalotupiwa hapa mafundi wazungukaji. Wallahi nilipandwa na hasira, nikatafuta ufunguo wa gari niwafuate, naye marehemu akanambia, "Thani, kaa kitako unywe kahawa yako, hii kazi ya wanawake." Maram alikuwa akilia, kijana anampenda, na mama yake akamwahidi kumwozesha kwa heshima, si kwa uwongo.

Jumatano iliyofuata, kama alivyonihadithia Maram, Bi Ghanima, mama yake Hazim, akamwendea mbele ya soko zima akamwuliza, "We Shukriya, kabila yako nini?" Akajibu, "Mroma, bibi, binti wa mtia kalai, na sufuria lako limekwisha, lete jengine." Bi Ghanima akacheka mpaka akashika ubavu, akasema, "Asiyenidanganya siku ya posa ya mwanawe hatonidanganya tena. Nipe binti yako, na wenye kununa wanune." Harusi ikafungwa Alkhamisi, tarehe 20 Agosti 1998, pilau ikapikwa ndani ya masufuria aliyoyatia kalai kwa mkono wake, na ami wale wale wakaomba nyongeza, nikawapakulia mwenyewe.

Mwaka 2004 alishikwa na maradhi ya figo, na Mwenyezi Mungu alimchukua alfajiri ya Jumatatu, tarehe 12 Machi 2007, ameacha mume, binti, na wajukuu wanne ambao ukiwauliza bibi yao alikuwa nani, watakujibu Mroma, wala hawashushi sauti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na wanawake wenzake wa sokoni waliofunga vibanda vyao siku ya maziko.

Pumzika kwa amani, shemegi yangu, Mola akupe pepo, nasi tutakutaja kwa jina la watu wako.