Mihogo ya Idi

Kifuniko cha chungu kiligonga gizani kabla ya jogoo kuwika. Mwamini alikuwa akifunga mihogo aliyoichemsha, maana shilingi yake moja isingetosha chakula na pembea kwa wanawe wawili, huko Nachingwea kwenye Idi. Ndani ya lori kutoka Ruangwa alilificha furushi miguuni, kwa aibu.

Mbele yake, mume na mke asiowajua walikuwa wakibishana. "Mama Hasani, mihogo siku ya Idi? Watu watadhani tunakwenda kufukuza nguruwe shambani!"

"Wadhani tu, baba Hasani. Ukigusa sahani moja ya pilau pale, thumni, nusu shilingi hiyo, imekwenda. Watoto watapanda pembea kwa maneno yako?"

"Idi ni pilau."

"Haya, kale peke yako. Sisi tutakuangalia tukiwa juu ya pembea."

Lori zima likacheka. Mume naye akacheka, ila akasema yeye bado hajakubali. Mwamini akashusha pumzi, akalitoa furushi na kulipakata waziwazi. Lori liliposimama sokoni, mwanawe Bashiri alisimama akawatangazia abiria wote:

"Na sisi tuna mihogo."