Uji Tuliompelekea Xavérine

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tumkumbuke Xavérine wa Gahanga. Leo natangaza nikiwa na aibu yetu sote, na sitaificha.

Xavérine alikuwa dobi katika hoteli moja huko Nyarutarama. Mashuka yaliyolowa, vikapu vizito, kusimama kutwa. Kicheko chake kilizidi kelele za mashine. Yeye na mumewe Damascène walikuwa hawajapata mtoto, na watu hawakuchoka kuwauliza.

Mwaka jana tumbo lake likaanza kukua. Wenzake wakapiga vigelegele. Joselyne, aliyepiga pasi meza moja naye, akamwambia msimamizi, "Boss, Xavérine iko na mimba. Mumupe kazi ya kukunja tu." Akapewa. Wakamletea ndizi, wakamtania kuhusu majina. Xavérine alitabasamu, akaendelea kukunja.

Haikuwa mimba, wasikilizaji. Nasema tena, haikuwa mimba. Ulikuwa uvimbe kwenye kizazi, na daktari alishamwambia apasuliwe haraka. Sasa angeombaje ruhusa kwa watu waliokwisha kumnunulia nepi?

"Kila siku alisema atawaambia kesho," Damascène anasema. "Aliona haya kuwanyang'anya furaha. Na mimi nilinyamaza. Nilikuwa nimechoka kuulizwa."

Furaha ya nani hiyo, jamani?

Mwezi wa tatu mwaka huu hakufika kazini. Wenzake wakasema, amejifungua! Mnaijua guhemba yetu: mzazi hatembelewi mikono mitupu. Wakapika uji wa mtama, wakajaza chupa, wakanunua shali ya mtoto, wakaenda Gahanga wakiimba. Walikuta watu wamekaa uani.

"Mtoto iko wapi?" Joselyne akauliza.

"Hakuna mtoto," Damascène akajibu. "Xavérine tulimuzika jana. Niliona haya kuwapigia simu."

Wakageuka waondoke na chupa zao. Damascène akawazuia. Akaleta vikombe, akamimina uji ule, akawagawia waliokuja msibani.

"Tulikunywa," Joselyne ananiambia. "Hakuna mwenye aliangalia mwenzake."

Pole sana, Damascène. Poleni familia yote ya Gahanga, nanyi madobi wenzake, poleni. Nanyi wasikilizaji wapendwa, kesho mkifika kazini, mtazameni mwanamke aliye karibu nanyi. Msimpongeze kabla hajasema neno. Muulizeni anajisikiaje, halafu nyamazeni mpaka ajibu.

Xavérine hatukumuuliza. Tulimpelekea uji.