Swali Nililomuuliza Mwenzangu

Ndugu zangu, mama zangu, na ninyi vijana mliojibanza karibu na mlango ili mkichoka mtoke bila kuonekana: niitikieni kwanza, nijue mko nami. Haya, asanteni. Mwenyekiti wa jumuiya yetu ameniomba nisimulie jinsi nilivyoshinda shida za masomo hapa Brussels. Nadhani anatarajia niseme habari za baridi. Baridi ilikuwepo, na haikuniua. Kilichotaka kuniua ni wivu.

Mnacheka. Chekeni tu. Kwa jina sitamtaja mtu, na huyo ninayemsema nitamwita mwenzangu, maana ndivyo alivyokuwa kwangu hata pale niliposhindwa kumwona hivyo.

Nilikuja miaka ile ya tisini kutoka Tanga, kwa ufadhili, kusoma katika chuo kidogo upande wa Ixelles. Kidogo kwelikweli: jengo moja la zamani lenye ngazi za mbao zinazolia, na wanafunzi wachache kiasi kwamba ukipiga chafya ghorofa ya juu, wa chini wanakuambia pole. Walifundisha kwa Kiingereza, na kila mtu alisoma kila kitu: falsafa, historia, muziki, elimu ya nyota. Hakuna kusema mimi ni wa hesabu tu. Na kwa kuwa tulikuwa wachache, uso uliouona asubuhi kwenye falsafa ndio unaouona mchana kwenye muziki, na jioni mnakutana nao jikoni. Ukimchukia mtu pale huna pa kukimbilia.

Sasa mimi, tangu darasa la kwanza nilikuwa wa kwanza. Ripoti ikitoka, baba anaifunga kwenye gazeti anaizungusha mtaani, majirani wanakuja kunipa mkono. Hapa chuoni nikaulizia nafasi yangu darasani, wakanishangaa. Hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho. Unarudishiwa insha yako imejaa maswali ya mwalimu pembeni, basi. Nawaambia ukweli, nilipotea. Nilikuwa sijui mimi ni nani bila namba.

Siku ya kwanza ya semina tumekaa kuizunguka meza, mwalimu wa falsafa, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, akaniuliza jambo. Nikasimama. Wima, mikono nyuma, kama tulivyofundishwa. Wenzangu wakatazama dari wasicheke. Yule mama akaniambia kwa upole nikae, na nilipokaa nikafunga mdomo wangu mwaka mzima. Nilijiambia ni adabu. Mwanafunzi mwema anasikiliza, akiulizwa ndipo anajibu.

Wiki hiyohiyo akaingia mwenzangu. Binti wa Bukavu, anakaa kwa shangazi yake mtaa wa Saint-Gilles. Kiingereza chake kilikuwa kibovu, jamani! Mimi nimekisoma tangu utotoni, yeye alikuwa anakiokota njiani. Lakini mwalimu hajamaliza sentensi, yeye kishadakia: hakubali, hapana, tungoje kidogo kwanza. Anakosea neno, anaweka la Kifaransa, anapiga meza, anaendelea. Na yule mama anainama mbele, macho yanawaka, meza nzima inamgeukia. Mimi niliyekuwa na sarufi yangu safi nimekaa pale na sarufi yangu.

Roho iliniuma. Wahenga walisema hasidi hana sababu. Mimi nilikuwa nazo, kila siku nilijitafutia mpya. Kwa kuwa chuo hakikunipa nafasi, nilijipangia mwenyewe kichwani darasa la watu wawili, na kila jioni nilikuwa wa pili.

Na yeye alinipenda! Ndilo lililonichoma zaidi. Alifurahi kumpata mtu wa kusema naye Kiswahili, japo alikicheka changu, eti naongea kama redio. Alinifundisha kupanda tramu, alinisemea Kifaransa kwa muuza mikate, Jumapili ananiburuta kwa shangazi yake kula sombe, ndicho kisamvu chao. "Dada, kula, unakonda, bazungu batasema tunakunyima." Nami nakula, na moyoni nasema: huyu anajionyesha. Kila wema wake niliuhesabu kuwa majivuno.

Ngoja niwaambie na lile baya kabisa, kisha mnihukumu. Vita vilipoingia kwao, ndugu zake wakafukuzwa makwao, chuo kizima kilimzunguka. Walimu wanamkumbatia, wanafunzi wanamletea chai. Mimi nikiwa nimesimama na kikombe changu nikaona wivu. Nilimwonea mtu wivu kwa msiba wake. Mama, usitikise kichwa, hata mimi nilijitikisia.

Mwisho wa mwaka chuo kile kilikuwa na desturi yake. Kila mwanafunzi anaandika insha ndefu, anasimama kuitetea mbele ya walimu, na mwanafunzi mwenzake anapewa kazi ya kumuuliza. Ukivuka hapo unaingia mwaka wa pili, usipovuka safari imeishia hapo. Wakatupangia: mimi nimuulize mwenzangu, naye aniulize mimi.

Yeye aliandika juu ya kusamehe. Kwamba watu waliotendeana unyama hawawezi kuishi pamoja bila kusameheana. Mimi nilijua kitu wasichokijua walimu. Siku moja tukimenya viazi jikoni aliniambia, analia, kwamba waliowafukuza ndugu zake hajawasamehe, na hataki hata kusikia habari zao. Aliniambia mimi kama dada. Nikaiweka akiba.

Siku ilipofika nikavaa gauni langu la heshima. Nikamuuliza, kwa Kiingereza changu safi: "Wewe mwenyewe, waliokufukuzia ndugu zako, umewasamehe?"

Alinitazama. Nikasema moyoni, leo umepatikana. Halafu akasema, "Hapana. Bado. Ndiyo maana nimeandika. Mtu aliyekwisha kusamehe angeandika nini?" Akaanza kueleza pale, bila karatasi, machozi yanatiririka na mkono unapiga meza, mpaka yule mama wa falsafa akavua miwani. Alipomaliza walimgongea meza kwa vifundo vya vidole, ndiyo makofi yao. Kisha wakanigeukia mimi. Wakanisifu! Kwamba nimeuliza swali la kijasiri, swali la rafiki wa kweli. Kumbe kule kumbana mtu ndiko kumheshimu, na mimi nilidhani ninamchinja. Nilitabasamu hadi mashavu yakauma.

Ikaja zamu yangu. Insha yangu ilikuwa juu ya kuwaheshimu wakubwa: kwamba mji wenye adabu ni ule ambao wadogo wananyamaza wakasikiliza. Kiingereza kama cha kitabuni, na mawazo ya kitabuni vilevile. Mwenzangu akainua kichwa, akasema nimeandika vizuri sana, ila anapenda kujua, nilijisikiaje nilipokuwa naandika?

Nilijisikiaje! Ndilo swali lake. Nikasema nilijisikia vizuri, asante. Walimu wakatazamana. Walinijaribu kidogo wao wenyewe, nikawajibu yaleyale yaliyoandikwa. Jioni yule mama akaniita, akaniambia insha haijasimama. Nirudi Septemba niitetee upya, na nikishindwa sitaendelea. Maana yake ufadhili umekatika na ninarudi Tanga, kwa baba mwenye gazeti lake na mtaa mzima unaosubiri.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Nilikuwa na hakika ameniangusha makusudi. Kesho yake akaja chumbani kwangu na sufuria ya sombe, bado ya moto, kunipa pole. Hata hakuwahi kuketi. Nilimrukia: "Umefanya kusudi! Ulijua ukiniuliza upuuzi nitaonekana mpuuzi!"

Alishangaa mpaka akasahau kuitua sufuria. "Weye! Mi nilikulindaka! Kwetu hatuhaibishake dada mbele ya bantu. Juu weye uko wa kwetu, njo maana nilikuulizaka kitu ya muzuri. Nilisema, bon, bazungu basimuone akianguka."

Ndugu zangu, nawaambia, hapo ningeweza kunyamaza. Ningelia kidogo, tukakumbatiana, tukala. Yeye alikuwa tayari ananitafutia kijiko. Lakini kulikuwa na kitu kimejaa hapa kifuani kwa mwaka mzima, kikatoka chenyewe. Nikamwambia, "Mimi sikukulinda. Lile swali langu nilikuuliza ili uanguke. Nakuonea wivu. Tangu siku uliyoingia."

Akaniangalia sana. "Donc, yale nilikuambiaka nikilia, weye ulikuwa unaiweka?"

Nikasema ndiyo.

Akachukua sufuria yake, akachukua na kifuniko, akatoka. Ngazi zote zikalia. Mimi nimebaki na harufu ya sombe na njaa yangu.

Likizo ikaanza, chuo kikawa kitupu. Niliandika upya insha yangu, nikiisoma nasikia ni ileile imebadilishwa nguo. Niliomba Mungu aniondolee wivu na anipe mawazo. Sikupata hili wala lile. Nikajua wazi: katika mji huu mzima mtu anayeweza kunibana hadi nitoe kitu changu ni mmoja, naye nimemtendea hivyo. Kiburi kiliniambia bora Tanga. Nilifikia kulitoa sanduku chini ya kitanda.

Sijui nini kilinivusha. Labda ni sura ya baba. Jumamosi nikaenda Saint-Gilles, kwenye duka la mashine za kufulia alikokuwa anafua nguo za shangazi. Nikamkuta anakunja mashuka. Sikumpa salamu ndefu. "Nimekuja unibane. Niulize kama nilivyokuuliza, kwa ubaya kabisa."

Akaendelea kukunja. Kisha akasema, "Sijakusamehe, elewa. Lakini minasikia hasira mingi, na sijui nitaiweka wapi. Alors, kaa. Ongea. Juu ya nini mudogo anapashwa kunyamaza? Sababu ni nini?"

Nikaanza kujibu. "Hapana, hiyo ulisomaka. Weye unafikiri nini?" Nikajibu tena. "Ni ya nani hiyo? Ya baba yako? Mi simuulize baba yako, nauliza weye."

Jamani! Kila Jumamosi likizo nzima, mashine zinazunguka, wamama wa Kireno na wa Kimoroko wanatutazama, yule binti ananichambua. Hakunihurumia hata kidogo. Mara mbili nilitoka nje nikalia barabarani nikarudi. Hakuniita tena dada. Ila hakukosa kuja.

Siku moja nikajipa moyo, nikamuuliza kama naye, hata kidogo tu, aliwahi kunionea wivu. Nilitamani aseme ndiyo, nipate nafuu. Akafikiri kwa uaminifu kabisa. "Wivu ya nini?" Akafikiri tena. "Ah. Nywele, labda."

Septemba ikafika. Walimu walewale, meza ileile, naye muulizaji. Nilijua maswali yake yote, nimeyajibu mara nyingi mbele ya mashine. Akaniuliza mawili matatu ya yale ya dukani, nikajibu vizuri, nikaanza kupumua. Halafu akaiweka chini karatasi yake ya maswali, akaniuliza jambo ambalo hatukuwahi kuligusa: "Mwaka mzima ulinyamaza kwenye meza hii. Ilikuwa heshima, au ilikuwa woga?"

Nilitafuta jibu la kitabuni, sikulipata. Nikaona macho yote. Nikasema, "Sijui." Neno hilo sikuwahi kulisema darasani maisha yangu yote. Kisha nikasema, "Haikuwa heshima. Woga ulikuwepo. Lakini hasa ulikuwa wivu. Nilizoea kuwa wa kwanza, na mtu asiyeweza kuwa wa kwanza anaona bora asisikike kabisa. Na nimeandika insha nzima kuuita ugonjwa huo adabu."

Nikaendelea kutoka hapo. Nikasema wapi kunyamaza kwa mdogo ni heshima na wapi ni kujificha, mambo ya nyumbani kwetu, mambo yangu. Sarufi ilinitoka, niliweka hata Kiswahili. Nikagundua nimepiga meza. Hakuna aliyenigongea vifundo. Yule mama alisubiri nimalize, akasema, "Sasa umetetea kitu. Tutaonana mwaka wa pili."

Kusamehewa nilisamehewa baadaye sana, na hakunitangazia. Wala sistahili kuwasimulia hilo, ni lake.

Namshukuru yule mama wa falsafa kwa kutonihurumia. Namshukuru shangazi wa Saint-Gilles, aliyejua yote na bado akanipakulia. Na mwenzangu, popote aliko leo, namshukuru kwa hasira yake, maana aliitumia kunijenga wakati mimi upendo wake niliutumia kumbomoa. Mungu naye namshukuru kwa kukataa kuniponya kimyakimya chumbani.

Wivu haujaniisha, nisiwadanganye. Ukinishika sasa hivi najua dawa: namwendea yuleyule ninayemwonea, namwambia, namwomba anifundishe. Inauma kama kung'olewa jino, na ukishang'olewa unalala.

Nimalize. Leo mchana tulimpigia makofi binti wetu aliyefaulu masomo yake, na nikaona kuna mmoja hapa aliyempigia kwa ncha za vidole, akatazama chini. Simtaji. Mwanangu, nimekuona, na sikukasirikii, nakujua kuliko unavyojijua. Chakula kinapakuliwa sasa hivi. Chukua sahani yako, ukakae karibu na huyo binti.