Mikono ya Enoka Kwenye Santuri

Wasikilizaji wapendwa, habari za huko mliko. Wewe wa Tunduma mjini, wewe wa Mpemba unayepukuchua mahindi, na wewe uliye ng'ambo Nakonde ambako redio yetu inakamata bila kuomba ruhusa, sogeeni. Leo tunamkumbuka Bibi Aida Namwinga. Bibi Aida amezikwa Jumanne iliyopita kijijini kwake Mpemba, akiwa na miaka tisini na miwili.

Nilikuwepo makaburini. Mhubiri alisema marehemu aliwasamehe wote waliomkosea. Nikamwona Loisi, ambaye kwa heshima tunamwita Mama Loisi, binti wa mdogo wa marehemu, anatikisa kichwa. Baadaye nikamfuata. Akaniambia, "Mwanangu, ukimsema mama mkubwa redioni, usimpake asali. Hakusamehe. Na alikuwa na haki yake." Basi leo, wasikilizaji, sipaki mtu asali.

Turudi mwaka 1938, enzi za Mwingereza. Aida ana miaka kumi na tisa. Anaolewa na Enoka Silwimba, mpiga malimba. Malimba, kwa vijana msioyajua, ni kibao chenye vijiti vya chuma. Unakishika kwa viganja, unakipiga kwa dole gumba. Enoka alipopiga alifumba mdomo na kuguna chini chini, akiufuata wimbo. Aida aliupenda mguno ule kuliko malimba yenyewe.

Miezi mitatu baada ya harusi, Enoka akavuka mpaka kwenda migodi ya shaba, Rodeshia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Vijana wengi walikwenda. Alisema, "Misimu miwili tu, Aida, nimerudi." Misimu miwili. Shikeni hapo.

Mwaka 1941 jirani yao, Yonathani, anarudi kutoka huko huko migodini. Amebeba gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, santuri moja, na barua ya Enoka. Aida alikuwa amesoma misheni, barua aliisoma mwenyewe. Mama Loisi anaijua kwa moyo, kanisomea bila kutazama popote: "Mke wangu Aida. Hapa kambini kuna jumba lenye piano. Nimejifunza. Walikuja watu wa kunasa sauti, wakaninasa. Unayemsikia humo ni mimi. Karatasi ya katikati yenye jina ilinyeshewa mvua, nimeikwangua. Pale ninapoguna, ndipo ninapokukumbuka."

Aida akazungusha mkono wa gramafoni. Akaweka sindano.

Wasikilizaji wapendwa, santuri hiyo nimeisikia kwa masikio yangu juzi, sebuleni kwa Mama Loisi. Ni jazi ya piano peke yake. Hakuna ngoma, hakuna tarumbeta, hakuna mwimbaji. Mtu mmoja na piano yake, dakika tatu. Mkono wa kushoto unatembea taratibu. Wa kulia unasema kidogo, unasita, unanyamaza kabisa hadi unadhani mtu kaondoka, halafu unaanza tena kwa upole zaidi. Kiti kinalia mara moja. Na katikati, mpigaji anaguna chini chini, mdomo umefumbwa. Mimi mwanamume mzima nilitoa leso. Nilimkumbuka marehemu kaka yangu, ambaye hakuwahi hata kugusa piano. Nadhani ndivyo ulivyo muziki huu. Kwa kuwa hausemi neno, kila mtu anamweka ndani yake mtu wake.

Aida alimweka Enoka. Na nani angembishia? Mguno aliujua. Kijiji kizima kiliujua. Wakasema mtu wa malimba atashindwaje na piano, si vidole ni vile vile? Wazungu walikuwa na haki ya kumnasa, wakasema, mtu wetu huyo! Kila Jumapili baada ya ibada walijaa uani kwa Aida kumsikiliza Enoka.

Enoka mwenyewe hakurudi. Baada ya barua ile hakuandika tena.

Mwaka 1944 alikuja mposaji. Sadoki, fundi seremala aliyefiwa na mkewe, mtu mpole wa maneno machache. Alimpenda Aida na alifuata taratibu. Mzee Amoni, mzee wa kanisa, akaja na wenzake. "Binti yetu," akasema, "miaka sita. Huyu mtu hayupo. Baba yako yuko tayari kuwarudishia ng'ombe wao wa mahari. Una miaka ishirini na mitano, bado utazaa. Sema neno."

Aida akainuka. Aliingia ndani, akatoka na gramafoni, akaiweka mbele yao juu ya kinu kilichopinduliwa. "Kabla hamjaniachisha," akasema, "msikilizeni mwenyewe."

Wazee wakasikiliza. Piano ikasita, ikanyamaza, ikaanza tena. Mguno ukaja. Mzee Amoni akapenga kamasi. "Mtu anayempigia mkewe namna hii," akasema, "mimi simtenganishi naye." Wakaondoka. Mwaka uliofuata Sadoki akaoa kwingine.

Nasema tena ili tuelewane. Mume hayupo. Barua hakuna. Mposaji mwema amekataliwa. Kinachomshika Aida ni santuri moja ya dakika tatu.

Sasa njooni mwaka 1952, hapa hapa Tunduma, enzi hizo maduka machache tu kando ya barabara. Aida na mdogo wake Tabita, mama yake Loisi, wamekuja kuuza karanga. Wanapita karibu na baraza la fundi cherehani. Aida akasimama ghafla. Ndani ya duka, piano inapigwa.

"Tabita! Enoka huyo!"

Kikapu kikaanguka, karanga zikatawanyika, Aida hakugeuka. Akaingia dukani anacheka na machozi yanamtoka. "Fundi," akasema, "huyo anayepiga ni mume wangu!"

Fundi hakuwa mtu mbaya. Alidhani anataniwa. "Hongera, mama," akasema, "kumbe umeolewa Marekani!" Akaiinua santuri, akampa aisome.

Karatasi ya katikati ilikuwa nzima. Aida akasoma jina, herufi kwa herufi. Lilikuwa jina la mtu wa Marekani. Akamwomba fundi apige tena. Kiti kikalia pale pale. Mguno ukaja pale pale.

"Dada, si ni yule yule?" Tabita akauliza.

"Ni yule yule," Aida akajibu. "Ila si Enoka."

Walitembea hadi Mpemba. Walipokaribia nyumbani, Aida akamshika mdogo wake mkono. "Usimwambie mtu. Wazee nitawaambia nini? Kwamba nilimkataa Sadoki kwa sababu ya mtu nisiyemjua?" Alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Hakuwa na mtoto.

Uchungu ulioje, jamani. Kuachwa kunauma, lakini kuachwa huku umeshikishwa kitu cha kukufanya ungoje? Ule mguno Enoka aliuchagua. Aliingia duka fulani huko, akasikia mtu anaguna kama yeye, akasema, hii itamfaa mke wangu. Kisha akachukua kisu, akakwangua jina la mwenzake. Mimi hapo ndipo ninaposhindwa kumwelewa.

Majirani waliendelea kuja Jumapili. Miezi miwili Aida alisema gramafoni imeharibika. Mwezi wa tatu akaipiga. Alimwambia Loisi miaka mingi baadaye, "Nilidhani nitaichukia. Nikalia kuliko zamani. Zamani nilimlilia Enoka, sasa nilijililia mwenyewe. Yule Mmarekani hakunikosea kitu, alikuwa amekaa peke yake anapiga piano yake."

Mwaka 1955 Enoka akaja. Suti, kofia, viatu vinang'aa. Baada ya miaka kumi na saba, alikuja kwenye msiba wa baba yake. Kule Kitwe, mji wa migodi ya shaba, alikuwa na mke na watoto watatu. Habari hiyo Aida aliisikia matangani, kwa watu wengine.

Jumapili ikafika. Kanisa limejaa. Mbele pana kinanda cha kukanyaga kwa miguu, kilichopatikana mwaka uliotangulia. Ibada ilipokwisha, Mzee Amoni, amezeeka sasa, akainuka kwa furaha. "Mwanetu Enoka! Tumekusikia kwenye santuri miaka kumi na minne. Leo tupigie tukuone."

Watu wakapiga makofi. Enoka akamtazama mkewe. Aida akamtazama bila kupepesa.

Enoka akaenda, akakaa. Akakanyaga. Akaweka vidole. Kinanda kikatoa mlio kama mbuzi aliyekanyagwa. Enoka akainua mikono yake juu, akaionyesha watu. "Ndugu zangu," akasema kwa sauti ya huzuni, "mgodi umeniharibu vidole."

Na watu wakamwonea huruma! Wanawake wakasema pole, pole baba. Mzee Amoni akaanza kulia.

Hapo ndipo Aida aliposimama. "Vidole vyako ni vizima, Enoka. Jana nimekuona unafunga kamba za viatu. Piano hujawahi kupiga. Jina la aliyepiga nimelisoma Tunduma, na ninyi nyote mmekuwa mkimsikiliza Mmarekani."

Enoka akasema, "Aida, nilitaka tu usinisahau."

Aida akamjibu. Maneno haya Tabita aliyasikia, Loisi akayapokea kwa mama yake, nami nawapa kama nilivyopewa:

"Ungeandika mstari mmoja. 'Aida, sirudi.' Ningelia msimu mmoja. Halafu ningeolewa, ningezaa."

Benchi la tatu, Sadoki alikuwa ameketi na mkewe na watoto wao wanne. Akainamisha kichwa, akakaa hivyo hadi watu wote walipotoka.

Enoka alivuka mpaka kesho yake, na Mpemba hawakumwona tena. Bibi Aida hakuolewa, na hakuzaa. Alimlea Loisi kama wake.

Pole sana, Mama Loisi. Poleni ukoo wa Namwinga, poleni wana Mpemba. Bwana ampokee mama yetu.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, tufikiri kidogo kabla hamjarudi kwenye shughuli zenu. Huenda kuna mtu mahali fulani anakungoja, na wewe moyoni unajua hurudi. Usimtumie zawadi. Mwambie.