Mungu Amesikia, Sisi Je?

Ndugu zangu, jina la Bwana liinuliwe. Nawasimulia haya nikiwa bado na hasira, na sitaificha, maana hasira hii nayo ni sehemu ya ushuhuda wangu.

Jumapili ile Bibi Minza alisimama kushuhudia. Ni mzee, sauti yake ndogo, lakini akianza kusema hata watoto wanatulia. Alikuwa anatueleza jinsi Bwana alivyompitisha katika ugonjwa wa macho. Alipofika pale alipofunguliwa bandeji hospitalini Kolandoto, karasha la jirani likawashwa. Ukuta wa kanisa letu ni turubai, na hiyo mashine ya kusaga mawe ya dhahabu ililetwa msimu huu ikawekwa nyuma yake kabisa. Tukabaki kuona midomo ya Bibi inatembea. Mimi niliyekaa benchi la mbele ndimi niliyemsikia anasema, "Basi. Mungu amesikia." Akaketi.

"Mungu amesikia," nikasema, "sisi je?"

Nikamfunga mwanangu Shija mgongoni, nikatoka. Nilimwomba mwendeshaji wa karasha azime mpaka ibada iishe. Si kwamba alinitukana. Alinijibu taratibu, kama mtu anayemwelewesha mtoto, ingawa aliniita mama kwa Kisukuma: "Mayu, jiwe halijui Jumapili." Wenzake wakacheka, na mashine ikaendelea.

Mtauliza kwa nini mama kijana kama mimi agombane na mashine katika nchi hii ya dhahabu, ambako hata kuku wamezoea kelele. Ndugu zangu, sikilizeni nilikotoka.

Nilimaliza kidato cha nne nikaolewa huku nje ya Katoro. Shija alipokuwa hajaota jino, baba yake aliaga kwamba anakwenda machimbo ya Segese kujaribu bahati. Bahati sijui kama aliipata. Simu yake ilizimwa, na baadaye nikasikia ana nyumba nyingine huko. Nikaona aibu. Nikaacha kwenda kisimani saa ambazo wenzangu wanakwenda. Nikaacha kanisa. Nilijiambia kwamba Mungu hana ukuta, nitasali kwangu, na mahubiri nitayasikiliza kwenye simu.

Nilisali kweli, msidhani sikusali. Lakini mtu ukisali peke yako ukiwa na uchungu, kuna siku unajikuta unaongea na mabati. Mhubiri wa kwenye simu hajui kwamba hujala. Hawezi kukuuliza mbona mtoto anakohoa. Shamba langu la mahindi likaliwa na majani, nami nikalala. Ikafika siku nikakitazama kisima kwa namna ambayo mama hapaswi kutazama kisima. Ndipo nilipofika, ndugu zangu. Siongezi neno.

Asubuhi moja nikasikia nyimbo shambani kwangu. Mnajua Wasukuma tunavyolima kwa kundi: watu wanajipanga mstari, majembe yanapanda na kushuka kwa wimbo mmoja, na anayebaki nyuma anaimbiwa mpaka aone haya. Walikuwa akina mama wa kanisa, Bibi Minza katikati yao na macho yake yale mabovu. Hawakuwa wamebisha hodi. Hawakuwa wameniuliza kama nataka. Walikuwa wanapalilia mahindi yangu kwa pambio za kanisani, na katikati ya pambio wakaingiza utani: mwenye shamba amelala, jembe lake linamlilia.

Niliwaka! Nilitoka na jembe, na sikutoka kulima. Nilitoka kuwafukuza. Bibi Minza hata hakuinua kichwa.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Mstari wako ni ule."

Nikasimama pale kama nguzo. Mama mmoja akamfungua Shija mgongoni mwangu, akampakata. Nikaushika ule mstari kwa hasira, nikalima kwa hasira, nikilia. Nilipobaki nyuma hawakuniimbia. Waliokuwa kushoto na kulia kwangu walikata majani ya mstari wangu kila mmoja upande wake, mpaka nikawafikia. Mwisho wa shamba tukaweka majembe chini, tukasali, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikamsikia mtu mwingine akilitaja jina langu mbele za Mungu. Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Sikuanguka chini wala sikuona nuru. Nilisikia njaa. Nikapika ugali, tukala wote.

Tangu siku hiyo sijakosa ibada. Nawatazama akina mama wale kwa heshima ambayo sina maneno yake. Wengine hawajui kusoma. Wengine waume zao wako machimboni kama alivyo wangu. Lakini wakikaa pamoja kwenye mabenchi yale, aliyekuja amekauka haondoki amekauka.

Sasa baada ya Jumapili ile, mzee wetu wa kanisa, Mzee Masanja, mtu mpole asiyependa ugomvi, alishauri tusimamishe ibada, kila mtu asali kwake mpaka mambo yatulie. Mungu yuko kila mahali, alisema. Wengi wakaitikia. Nikaona kisima kile tena.

"Shikamoo, Mzee," nikamwambia. "Mungu yuko kila mahali. Bibi Minza hayuko kila mahali."

Nikamkumbusha, maana nimewahi kufanya kazi karashani, kwamba ndani ya pipa la karasha kuna matufe ya chuma mengi yanayosaga mawe kwa kugongana. Ukiacha tufe moja peke yake, litapiga kelele kutwa na halitasaga hata kokoto. Mzee alijikuna shavu. Kisha akasema, "Basi andika malalamiko, upeleke kijijini. Wewe umesoma."

Ndugu yangu unayesali peke yako na kulia peke yako, mwamini Bwana, toka ndani. Ukichelewa tutakuja na majembe. Namshukuru Mungu aliyenipa watu. Na hiki ndicho nilichopeleka kwa mtendaji wa kijiji, akakipokea na kukigonga muhuri, akina mama wamesimama nyuma yangu mpaka mlangoni:

"Mimi, Mama Shija, mkazi wa kijiji hiki, nalalamika rasmi kwamba karasha lililo nyuma ya kanisa letu linaendeshwa wakati wa ibada. Siombi lifungwe, kwa kuwa watoto wa watu wanakula kwa kazi hiyo. Naomba lizimwe saa za ibada au lihamishwe. Hasara niliyoipata ni kwamba Bibi Minza alitoa ushuhuda, nami sijui ulivyoisha. Naiomba ofisi ije Jumapili, ikae benchi la nyuma, naye atausema upya. Ofisi ikisikia neno lake hata moja, nitayafuta malalamiko haya kwa mkono wangu."